Nyundo Mbili za Jumapili

Kabla hujaniuliza kama nilikuwa nimelala, au nina malaria, au nimekunywa, nakujibu mapema: sikulala, sikuumwa, na pombe situmii. Ilikuwa Jumapili saa tano asubuhi, jua la Bariadi limewaka mpaka mabati yanalia. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi, mwaka wa kumi na tisa huu nafundisha sehemu na desimali kwa watoto wasiotaka kuzisikia. Mtu akinisimulia habari za mizimu huwa namuuliza ilikuwa saa ngapi, na taa ilikuwa inawaka au imezimwa. Sasa zamu yangu ya kusimulia imefika. Niulize unavyotaka, mimi nilikuwepo na haya yalitokea.

Mume wangu, Baba Minza, alikuwa mpima ardhi. Alihamishiwa huku kutoka Songea, akanioa mimi Msukuma wa Sola, na habari za kurudi kwao zikaishia hapo. Jumatatu hadi Ijumaa alipima viwanja vya watu. Jumamosi na Jumapili alikuwa nyuma ya nyumba kwenye banda la mabati, anafua visu. Hakuna aliyemtuma. Wenzake ofisini walikuwa na mpira na bia, yeye alikuwa na moto. Jiko lake lilikuwa rimu ya lori iliyokandikwa udongo, mkaa katikati, na feni ndogo ya umeme ya kupuliza. Fuawe yake, ya kugongea chuma juu yake, ilikuwa kipande cha reli alichonunua kwa muuza chuma chakavu, na visu alivifua kwa springi za magari zilizokatika.

Mpiga nyundo wake nilikuwa mimi. Springi ya lori huiwezi peke yako. Mmoja anashika koleo na nyundo ndogo, mwingine anapiga kwa nyundo kubwa. Mtaani walisema, we acha tu! Wazee wa kwetu walikuwa hawapendi mwanamke asogelee moto wa mhunzi, sembuse ashike nyundo. Nikawaambia nimelima pamba tangu nina miaka saba, mkono ninao, na moto wenyewe ni wa mume wangu. Wakachoka wakaniacha.

Kazi ile haina maneno, kwa sababu kelele ni nyingi. Fundi anaongea kwa nyundo ndogo. Akigonga fuawe mara mbili, ngi-ngi, maana yake inuka, shika nyundo yako. Akigusa mahali kwenye chuma, na wewe unapiga papo hapo. Akiilaza nyundo yake juu ya fuawe, basi, inatosha. Na sheria kubwa aliyonipa siku ya kwanza ni kwamba mpigaji hamwangalii mtu usoni, anaangalia chuma. Ukiinua macho utamvunja mwenzako mkono. Nimempigia mume wangu nyundo miaka kumi na moja, na leo nikizikumbuka Jumapili zile ninaona mikono yake tu, ile mikono mipana, na kucha nyeusi ya kidole gumba cha kushoto aliyojigonga mwenyewe.

Visu vyake viko mtaa mzima. Buchani kipo, kwa mama ntilie wa stendi kipo, kwa Mama Shija jirani yangu vipo viwili. Mimi? Mganga hajigangi. Nilikuwa nakata mchicha kwa kisu chembamba cha gulioni, mpini nimeufunga mpira wa baiskeli. Nilimlalamikia miaka, anacheka tu. Hatimaye akachora changu kwenye karatasi, akaanza kukifua. Alikinyoosha, akakipa umbo, kikabaki kuchongwa ncha na kutoswa kwenye oili ili kipate ugumu. Akakiweka juu ya meza ya banda akasema Jumapili ijayo Mama Minza unapata chako. Jumanne presha ikapanda akaanguka ofisini. Ijumaa tukamzika.

Miezi saba sikufungua banda lile. Binti yetu Minza alikuwa chuoni Dodoma, ananipigia simu kila jioni kuniuliza kama nimekula, na mimi namdanganya. Kanisani nilikuwa nakwenda, lakini Jumapili ile sikwenda. Nilikuwa nimegombana na Mungu kidogo. Nikasikia hamu ya harufu ya mkaa wa bandani. Nikachukua ufunguo, nikaingia, nikawasha moto. Kisu changu kilikuwa pale pale mezani, vumbi juu. Nikakipuliza vumbi nikakitia motoni, nikavuta kopo la oili karibu kama tulivyokuwa tukifanya.

Kilipokuwa chekundu nikakitoa kwa koleo, nikakiweka kwenye fuawe, na hapo ndipo nilipogundua ujinga wangu. Nishike koleo, nani apige? Nipige, nani ashike? Nilisimama na koleo mkononi mpaka chuma kikawa cheusi tena. Nikakirudisha motoni, nikaegemeza koleo kwenye rimu, nikakaa juu ya gunia la mkaa nimeupa moto mgongo, nikalia. Sikulia hivyo hata siku ya mazishi, maana siku ya mazishi kuna watu wa kuwahudumia.

Ngi-ngi.

Niamini, sikuogopa. Mwili haukunipa nafasi. Miaka kumi na moja umeitwa hivyo, unafanya nini? Niliinuka, nikashika nyundo kubwa, nikageuka huku macho yameshashuka kwenye chuma. Chuma kilikuwa juu ya fuawe, kimeiva vizuri. Kilishikwa na koleo, na koleo lilishikwa na mkono. Nyundo ndogo ikagusa karibu na ncha. Nikapiga. Ikagusa tena, nikapiga. Na kidole gumba cha kushoto kilikuwa na kucha nyeusi.

Utaniuliza kwa nini sikuinua macho. Unadhani sijajiuliza? Kwanza ilikuwa mazoea. Halafu nilipoelewa ninachokiona, nikahofia kwamba nikiangalia tu, sitakuta kitu. Nikang'ang'ania chuma. Jasho langu lilikuwa linadondokea fuawe, upande wa pili halikudondoka hata tone. Baba Minza alikuwa na kifua, akifanya kazi pua inapiga filimbi. Huyu nilimsikia nyundo yake, pumzi yake sikuisikia. Nikajua kabisa kwamba niko na mtu aliyekwisha kuzikwa, na moyo wangu ulikuwa umetulia kuliko ulivyotulia miezi yote saba. Nilikuwa na furaha. Nasema ukweli wangu, nilikuwa na furaha.

Tulikirudisha motoni mara tatu. Ncha ikatoka, nzuri, imechongoka kama aliyoichora kwenye karatasi. Akailaza nyundo juu ya fuawe. Inatosha. Kilichobaki ni moto wa mwisho: kisu kipate wekundu wa wastani, feni izimwe, kitoswe kwenye oili, na kazi imekwisha. Mkono ukakitia motoni na kubaki umeshika koleo. Mimi nilikuwa kwenye swichi ya feni.

Sasa sikiliza kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifanya nikusimulie. Moto wa mwisho ni wa dakika chache tu. Bapa limeshakuwa jembamba, halihitaji kuchochewa. Nikajiambia, kisu kikiingia kwenye oili, huyu anakwenda. Kazi iliyomleta imekwisha. Lakini kisu kikiwa bado kiko motoni, atakuwepo. Nikaukazia macho ule moto, nikaanza kuongea.

Nilimwambia Minza amefaulu mwaka wa kwanza. Nilimwambia paa la jikoni limezibwa, wale mafundi wameharibu bati mbili. Nilimwambia ninalala upande wake wa kitanda. Kwamba asubuhi ile ya Jumanne aliniomba chai nikamjibu vibaya, nikasema mikono unayo, jipikie. Kwamba neno lile ninalo kila nikiwasha jiko. Kwamba nilikuwa nampenda, na sikuwahi kumwambia kwa sababu kwetu nani anaambiana hayo? Tulikuwa tunaambiana kwa nyundo.

Akagonga ukingo wa rimu, taratibu. Zima feni. Niliisikia ishara na nikaielewa. Nikaongeza feni.

Nikaendelea kuongea. Akagonga tena, taratibu vile vile, bila hasira. Chuma kikapita wekundu kikawa cha manjano. Mimi mwenyewe nilikuwa nakiona! Mara ya tatu hakugonga. Chuma kikawa cheupe, kikaanza kutoa cheche nyeupe za kurukaruka, na yeyote aliyewahi kufua anajua cheche zile maana yake chuma kinaungua. Ndipo nikasema neno moja kwa sauti kubwa, nikiwa nimesahau sheria na nimeinua uso.

"Baki."

Koleo likaanguka kwenye udongo. Hapakuwa na mtu. Niliruka nikazima feni, nikakitoa kisu, nikakiweka kwenye fuawe nikakigusa kwa nyundo ndogo. Kikavunjika vipande vipande kama sukari guru. Chuma kilichoungua hivyo hakirudi tena, hata umpelekee fundi gani.

Nilikuwa bado nimesimama hapo Mama Shija aliporudi kutoka kanisani. Alichungulia mlangoni kunisalimia, ng'wangaluka mayu, halafu akaniuliza nimempata wapi fundi mpya. Walikuwa wamezisikia nyundo mbili tangu barabarani, yeye na watoto wake. Nikamwambia ameshaondoka. Akaangalia banda, mlango ni mmoja na hapo alikuwa amesimama yeye. Siku hizi akirudi kanisani hupita njia ya upande wa pili.

Kuna jambo nililielewa baada ya siku kadhaa, nikiwa darasani, chaki mkononi, na ilibidi nitoke nje. Koleo alikuwa nalo yeye. Angeweza kukitoa kisu wakati wowote, akakitosa kwenye oili, akanimalizia kazi yangu akaenda zake. Alikuwa fundi, aliona rangi kabla yangu. Alikiacha kisu kiungue ili mimi nimalize kusema.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Sola kumweleza mayu, mama yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua choroko, hakushtuka hata kidogo. Akaniuliza kama nimewasha tena. Nikamwambia ndiyo, kila Jumapili. Naweka kipande cha springi motoni, nakaa juu ya gunia nimeupa moto mgongo, nasubiri. Mayu akaacha choroko.

"Ng'wanawane, mwanangu, mumeo alikuja akiwa na kazi. Sasa unaita bila kazi. Anayeitikia wito wa namna hiyo si lazima awe yeye."

Nilikasirika. Nikamwambia hamjui Baba Minza kama ninavyomjua mimi. Nikarudi Bariadi, na Jumapili iliyofuata nikawasha moto kama kawaida.

Saa tano na dakika chache, nyuma yangu, fuawe ikagongwa. Ngi-ngi-ngi. Mara tatu.

Mume wangu hakuwahi kugonga mara tatu, hata siku moja. Na huyu alikuwa na pumzi. Nzito, ya karibu, ya mtu aliyetembea mbali na kufurahi kwamba amefika. Ikagongwa tena, mara tatu, haraka zaidi. Na hapa nitakuambia aibu yangu, ambayo hata Padri sijamwambia: nilitaka kuinuka. Nilijua si yeye, na nilitaka kuinuka, nishike nyundo, niangalie chuma tu, nisimwangalie usoni, nipige mpaka jua lizame. Mkono wangu ulishafika kwenye mpini. Simu ndiyo iliyoniokoa. Alikuwa Minza, siku hiyo hakungoja jioni, ananiuliza kama nimekula. Nilitoka mbio nikiongea naye, sikugeuka, na moto ule ulizimika wenyewe.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, kama una wako aliyetangulia, na siku moja akajaliwa kuja kukumalizia jambo, mwache amalize. Usimcheleweshe. Mlio nao hai waambieni leo hayo mliyoyabana, hata kama kwenu hamuambiani. Na ukishaachwa, usikae ukiita. Kuna wengine wanaosikia.

Banda nimelifunga kwa kufuli mbili. Funguo ziko Sola kwa mayu, nimemwambia hata nikija nalia asinipe. Nimeshakwenda mara mbili.