Ndagala za Matanga

Adolphine alichukia uvundo kuliko kitu chochote hapa Baraka. Wanawake walipoanika ndagala, wale samaki wadogo, kwenye mchanga wa ziwa, yeye alipita kando ya turubai za wenzake akiwa amebana pua na kusonya. Za kwake zilikuwa kavu na safi, naye aliringa nazo mpaka akachosha watu.

Kila mwanamke wa pale huutazama mlima kabla ya kutandaza. Hewa yenye unyevu hutoka ziwani, hupanda ule mteremko wa mawe, hupoa, na kule kileleni, kwenye majani mafupi yasiyo na mti, hugeuka wingu. Wingu likikaa, mvua hushuka alasiri. Ila mwezi wa tisa wachungaji huchoma majani kule juu, na moshi nao hukaa palepale.

Asubuhi moja ya mwezi huo Adolphine alitandaza ndagala zote za kumaliza matanga ya mama yake. Wageni wa Bibokoboko, kule mlimani, walikuwa wanakuja, na alishaapa hatawalisha samaki wa mtu mwingine. Mwanahamisi, jirani yake, alikuwa anaanua zake.

"Dada, anua. Ile ni wingu."

"Ile ni moshi. We unaogopa moshi?"

"Moshi hailetake baridi."

Adolphine akasonya, akaenda zake kusonga bugali.

Mvua ilimkuta jikoni. Maji mekundu ya mlimani yalipita juu ya turubai yakiwa na kinyesi cha mbuzi. Kesho yake jua halikutoka, akazirundika na kuzifunika zikiwa bado na maji. Siku ya wageni alipofunua ndagala, harufu ilimpiga mpaka akatapika. Zilikuwa ute mtupu, funza wanacheza ndani. Alizizoa kwa mikono, zikamponyoka vidoleni, akazitupa shimoni huku akijitukana.

Mwanahamisi akaleta beseni la ndagala zake, akakaa kupika.

Wageni walilamba vidole. Rosette, shemeji yake wa Bibokoboko, miguu ikiwa bado na tope la njiani, akasema:

"Adolphine, hakuna mwenye anajua ndagala kama we! Na vile mvua ilitupiga kule juu tangu juzi!"

Mwanahamisi aliinamia sahani. Hangesema, na Adolphine alilijua hilo. Likamchefua kuliko wale funza.

"Ni ya Mwanahamisi," akasema. "Yangu iko mu shimo, inanuka."

Adolphine akapeleka tonge kinywani, vidole vyake vikamnukia uleule uvundo, akala hivyo hivyo.