Nambari Iliyopanda Kila Jumapili

Nyumba ya rafiki yangu na baba yake iko mtaa wa Al Qusais, karibu na uwanja wa ndege, na alasiri kivuli cha ndege huingia sebuleni bila kubisha hodi. Kinapita juu ya zulia, kinapanda meza, kinafunika ubao wa sataranji, kisha hakipo tena. Nilikuwa na mazoea ya kungoja kipite ndipo nisogeze kete yangu. Baba wa rafiki yangu alisema hizo ni hila za kuvuta muda.

"Nyie wa bara," aliniambia, "hata kivuli mnakipa salamu."

Huyo rafiki yangu tulikutana katika kikundi chetu kidogo cha kusomeana hadithi za Kiswahili. Wazazi wake walitoka Unguja wakahamia mji huu wa Kiarabu kabla yeye hajazaliwa. Mimi nilikuja kufanya kazi ya mapokezi hotelini, nikapata kitanda mtaa wa International City, katika chumba cha wanawake wanne. Siku aliyosikia kwamba najua sataranji, alinishika mkono. "Njoo ucheze na baba. Nyumbani hakuna anayejua, na yeye amechoka kucheza na simu."

Nikawa nakwenda kila Jumapili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Ngoja kwanza, nimo mtihanini."

Mtihani wenyewe ulikuwa wa mtandaoni. Unaonyeshwa mafumbo, picha ya ubao moja baada ya nyingine, unachagua mwendo ulio bora, na mwishoni unapewa nambari inayosema nguvu yako ya kucheza imefikia wapi. Wengi huufanya kwa kujifurahisha. Yeye aliufanya kwa ajili ya funguo za gari.

Kabla sijaanza kwenda kwao, alitoka siku moja kununua mkate, akarudi magharibi imeshaingia, magurudumu yamejaa vumbi la milimani. Mkate hakuwa nao. Alikuwa na chupa ya asali ya Hatta, mbali kule milimani. Alipoulizwa alijibu tu, "Nimechelewa." Rafiki yangu, binti yake, akahofu kumbukumbu ya baba inapotea, akataka funguo. Wakabishana hadi baba akapata wazo: sataranji ni kazi ya akili, na mtihani wa akili upo kwenye simu. "Nambari ikishuka, funguo chukua. Ikipanda, khalas, niache na gari yangu."

Nambari ikapanda. Ilipanda kila Jumapili, naye akawa anatugeuzia simu tuione, anatabasamu kama mtoto anayeonyesha jino lililong'oka. Kisha tunakaa ubaoni, nami namfunga. Namfunga kwa sataranji yangu ya shuleni, ya kubahatisha! Alimwacha malkia wake peke yake katikati ya ubao, nikamla, akacheka. Wakati mwingine, katika ukungu wa vumbi uliokuwa ukilainisha dirisha, nilihisi nacheza na mtu mmoja huku nambari ni ya mtu mwingine, aliyeketi chumba cha pili na hatoki.

Jumapili moja binti yake aliniita jikoni. Alikuwa anamimina kahawa na hakuniangalia.

"Nambari inasema baba bingwa. We unamfunga kila siku. Nani muongo?"

"Labda ananiachia."

"Baba? Akuachie?" Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Nataka kujua kweli. Nikimuachia barabara, halafu siku moja..."

Akabeba sinia.

Wiki ile nami nikaufanya mtihani, kitandani kwangu, nyuma ya pazia. Mara ya kwanza ukaniambia mimi karibu sijui kitu. Mara nyingine, nimetoka kulala mchana, nikawa mchezaji mzuri. Mara iliyofuata wenzangu walikuwa wanakaanga samaki na kucheka kwa sauti, nami sikuwa nafikiri sana, na nambari ikapanda zaidi. Nikashangaa ujuzi huu umetoka wapi. Ndipo nilipomwona farasi mweupe kwenye pembe ya ubao na kumtambua, kama unavyomtambua abiria mwenzako wa basi la kila asubuhi. Mtihani ulikuwa na mafumbo machache na ulikuwa unayarudia. Halafu kwenye fumbo unajua tangu mwanzo kwamba kuna kitu cha kutafutwa. Tukiwa ubaoni, mimi na yeye, hakuna aliyetugusa bega kutuambia: sasa, tazama.

Jumapili nilisema mbele yao wote wawili. Sikuweza kumnong'onea mmoja jikoni.

"Baba, huu mtihani unarudia mafumbo. Ile nambari si nguvu ya kucheza."

Kivuli cha ndege kikapita. Baba akakingoja, safari hii yeye.

"Kwani mie sijui?" alisema. "Hebu njooni hapa."

Akafungua mtihani. "Sasa anakuja farasi wa pembeni. Huyu nilimuona siku lifti imekufa, ukapanda ngazi, ukaingia unahema kama mbuzi wa Idi." Picha ikafunguka: farasi, pembeni. Akajibu, akaendelea. "Hii ya ngome mbili, siku mwanangu huyu kaunguza vileja, akatwambia ndivyo vinavyopikwa siku hizi. Hii, siku ulovaa kijani, umetoka kugombana na madam wako wa kazini."

Kila fumbo alikuwa amelifunga pamoja na siku yake. Binti yake alikaa kwenye mkono wa kiti, sinia bado mikononi, na uso wake ukaanza kufunguka.

"Baba, yote hayo unayakumbuka?"

"Yote."

"Na siku ile ya Hatta?"

Akailaza simu kifudifudi.

"Hiyo sina." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nakumbuka naingia garini. Nakumbuka asali iko mkononi. Baina yake, wallahi, peupe. Ndo mana kila Jumapili naiuliza simu. Siiulizi sataranji mie, naiuliza kama bado nakumbuka."

Alitia mkono mfuko wa kanzu, akatoa funguo, akaziweka juu ya ubao, katikati ya kete.

"Endesha wewe. Lakini twende leo. Nataka nione nilipita wapi."

Nilikaa nyuma. Maghala yakaisha, mchanga ukaja, ukawa mwekundu, kisha milima ikaanza kujitokeza kwenye ukungu, mmoja nyuma ya mwingine, kama inafikiriwa kwanza ndipo inakuwepo. Baba alikuwa amefumba macho. Njia hii aliipita miaka mingi pamoja na marehemu mkewe, kwenda kununua ndimu.

"Sasa msikiti mdogo, mkono wa kulia," alisema.

Msikiti ukaja.

"Sasa mlima wenye pengo."

Tukapinda kona, na mlima ulikuwepo, na pengo lake limejaa mwanga.

Tulipinda kona nyingine, na nyingine. Akafumbua macho, akatazama nje, mkono wake ukashika ukingo wa kiti.

"Hapa?" binti yake akauliza, akipunguza mwendo.

"Hapa sina. Nambie we unaona nini."

Binti akasimamisha gari kando ya barabara, akashusha kioo, akaanza kumwambia: mbuzi watatu juu ya mawe, baba, mmoja mweusi, mitende nyuma ya ukuta, na kule chini, maji.