Mwaka Niliokuwa Urusi

Asubuhi za masika pale Namawala zilianza na harufu kabla ya mwanga. Ilikuwa harufu ya matope yaliyolala na maji, ya moshi wa kuni mbichi, na ya mpunga mchanga ulioanzia nyuma ya jiko letu na kwenda mpaka macho yaliposhindwa kuufuata. Ukungu ulishuka kutoka milima ya Udzungwa ukafunika bonde zima, na kutoka ndani yake, mbali upande wa reli waliyoijenga Wachina, ikasikika honi ya treni ya mizigo, ndefu na ya chini, kama mnyama mkubwa anayeota. Nikiwa bado nusu usingizini sikujua kama treni ile inapita kuelekea Chita au inapita ndani ya kichwa changu. Mdogo wangu Kasto, niliyelala naye kitanda kimoja, alikuwa akifungua jicho na kuninong'oneza, "Umesikia? Reli yangu hiyo." Na mimi nilimjibu kwa uzito wote wa dola kubwa, "Reli ni yako, lakini ardhi ni yangu." Maana mwaka ule Kasto alikuwa China, na mimi nilikuwa Urusi.

Aliyetugawia mataifa ni mjomba Sigfrid, mdogo wake mama. Alikuwa amerudi kutoka kambini Chita, alikokwenda kwa mafunzo akitarajia kuchukuliwa jeshini, na hakuchukuliwa. Hakuna aliyetueleza kwa nini. Alishuka tu kwenye treni siku moja na begi la kijani, buti zake zikiwa zimefungwa kamba na kuning'inia shingoni, mkononi ameshika redio, na mama akampokea bila kuuliza kitu, akamwekea maji ya kuoga. Baba alikuwa fundi seremala Morogoro na alikuja kwa nadra, kwa hiyo kuwa na mwanaume mrefu ndani ya nyumba, anayenyoa ndevu kila asubuhi kana kwamba kuna mtu atakuja kumkagua, kulitufurahisha mno mimi na Kasto. Kazi ya shamba aliifanya, lakini aliifanya kama mtu anayepita. Roho yake ilikuwa kwenye redio. Alijua jeshi la nani limenunua ndege, uchumi wa nani umepanda, rais gani amemtembelea nani, na alivyosimulia, nchi hizo zote zilikuwa kama majirani wa kitongoji kimoja wanaochunguliana juu ya ua.

Jioni moja alichukua mkaa jikoni akaanza kuchora dunia kwenye ukuta wa udongo wa nyumba yetu. Aliianza Afrika, akaichora kubwa kwa mapenzi, na nchi nyingine zikabanana. Amerika alilazimika kuipitisha juu ya dirisha. Urusi haikutosha kabisa ukutani, ikakunja kona ya nyumba na kuendelea upande wa pili, mpaka pale kuku walipokuwa wakitagia. Ndiyo maana nikaitaka. Hakuna mtoto mwingine aliyekuwa na nchi inayozunguka nyumba.

"Sasa sikilizeni," mjomba alisema, akijifuta mkaa kwenye suruali. "Mtu akikwambia nchi fulani ina nguvu, muulize nguvu zipi. Kuna nguvu za bunduki, kuna nguvu za mali, kuna nguvu za watu wengi, kuna nguvu za elimu. Ukitaka kulinganisha nchi na nchi, usichukue moja tu. Zijumlishe zote, uone jumla yake."

"Na nguvu za kupalilia je?" mama aliuliza kutoka jikoni. "Hizo nani anazo humu ndani?"

Tulicheka, na mjomba naye akacheka kidogo. Siku zile alikuwa hacheki sana.

Milembe alikuwepo jioni ile. Alikuwa rika langu, mtoto wa familia ya Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao na kujenga ng'ambo ya kijito. Tulikaa dawati moja shuleni, na baada ya masomo alipita kwetu kabla ya kwenda kwao. Mjomba alipomaliza kutugawia alimwangalia, akafikiri, akasema, "Wewe ni India. Kule ng'ombe wanaheshimiwa." Milembe alitazama pale India ilipokuwa ikining'inia ukutani, akagusa ncha yake ya chini kwa kidole, akauliza, "Na Tanzania ni nani?" Mjomba alijikuna shingo. Alisema Tanzania bado haijaingia kwenye mashindano hayo, iachwe kwanza. Milembe alikubali, ila niliona hakuridhika.

Basi wiki zile za mvua tuliishi kama mataifa makubwa. Tukienda shule, China ilitangulia kwa sababu ilikuwa na watu wengi, ingawa Kasto alikuwa peke yake na alikuwa mdogo kuliko wote. Tukichota maji, tulihesabiana viwanda. Mchana mvua ilipoachia, mimi na Milembe tulilala kwenye tuta la nyasi tukitazama mawingu yakisukumana juu ya bonde, na alinisimulia nchi yake: mito mipana, matunda mekundu, ng'ombe wanaotembea barabarani na magari yakiwasubiri. Hakuwa ameisoma mahali. Aliitunga tu, kwa sauti yake ya polepole, na mimi nilimjibu na Urusi yangu yenye theluji, ambayo niliifikiria kama unga wa mahindi usiokwisha. Mara nyingine usingizi ulitupitia pale pale, na tulipoamka hatukuweza kukumbuka ni nani alikuwa akisimulia.

Kisha ikaja asubuhi ya ukungu mzito kuliko mwingine wote. Ilikuwa Jumamosi. Nilimsikia mama akipiga kelele, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nikatoka mbio. Ndani ya ukungu, katikati ya mpunga wetu, migongo ya ng'ombe ilikuwa ikielea. Ndivyo nilivyoona: migongo bila miguu, mingi, ya kahawia na nyeupe, ikisogea kimya kimya, na chini yake sauti ya midomo ikitafuna na kwato zikichomoka kwenye matope. Mpunga ulikuwa mchanga. Chakula chetu cha mwaka mzima kilikuwa pale.

Mjomba alipita karibu yangu akiwa kifua wazi, panga mkononi. Upande wa pili wakatokea kaka zake Milembe wawili na fimbo zao, wamelowa, wakihema. Walikuwa wamewapoteza ng'ombe kwenye ukungu.

"Tunawaondoa," mkubwa wao alisema. "Weka panga chini kwanza."

"Humtoi hata mmoja!" mjomba alijibu. "Hapa hatoki ng'ombe mpaka viongozi wa kijiji waje waone."

"Tumeshasema tumekosa."

"Kukosa kwenu ndio tutakula?"

Majirani walianza kutoka na majembe. Kutoka kijitoni nao walitokea vijana wengine wa wafugaji, wakasimama nyuma ya wenzao. Neno vita nilikuwa nalo mdomoni kila siku mwaka ule, na sasa nililiona limesimama mbele yangu, na halikuwa na ndege wala meli. Lilikuwa na uso wa mjomba wangu, na uso huo sikuujua.

Hapo ndipo Milembe alipotokea mbio, matope yamempanda mpaka magotini, kanga imemng'ang'ania miguuni. Alikuwa ametumwa na baba yake. Alipita katikati ya kaka zake, akafika mbele ya mjomba, akasimama akihema. Nadhani hakuwa amepanga kitu. Alimwona mtu mzima anayemfahamu, na akafanya alichozoea kufanya kila siku akiingia kwetu. Alikunja magoti kidogo, akasema, "Shikamoo, mjomba."

Hakuna aliyesogea. Ng'ombe mmoja alipumua. Mjomba alimtazama kama mtu aliyeamshwa usingizini asijue yuko chumba gani.

"Marahaba," akasema.

Na kwa kuwa salamu haiachwi njiani, akaongeza kwa sauti ndogo, "Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo. Baba anakuja. Amesema tafadhali mumsubiri."

Panga lilikuwa limeshuka. Sijui lilishuka saa ngapi. Lilikuwa tu likining'inia kando ya mguu wake, na vijana wa upande wa pili nao walikuwa wameegemea fimbo zao, na mtu mmoja nyuma yangu alikohoa kikohozi cha aibu.

Mzee Shija, baba yake Milembe, alifika amevua kofia. Alimsalimia mama kabla ya wanaume. Kisha akaingia naye shambani, na wakatembea taratibu, yeye akiinama kila baada ya hatua kuinua mche uliolala, kuutazama, na kuulaza tena. Waliporudi mama alikuwa analia bila sauti.

"Mama Benigna," mzee alisema, akimwita kwa jina langu, "huu umeharibika. Sitakudanganya. Kesho naleta maksai wangu na plau, tunalima upya pote walipokanyaga. Miche nitaitafuta mimi, na watoto wangu watapandikiza."

"Na mvua ikikatika mapema?" mjomba aliuliza. Sauti yake ilikuwa bado ngumu.

"Ikikatika, kijana wangu, mtakula kwangu."

Walikuja kesho yake baada ya misa. Mjomba alikaa ukutani, mgongo wake umeegemea bahari ya Hindi, akatazama. Mama alimvumilia kidogo, halafu akamwambia kwa upole, "Sigi, wageni wanalima shamba la dada yako, na wewe umekaa." Akainuka. Mzee Shija alimpa mikono ya plau. Maksai walimvuta mjomba kama gunia, mfereji ukaenda upande, yule kaka mkubwa wa Milembe akaangua kicheko, na mjomba, baada ya kumkazia macho, akaanza kucheka pia, kicheko kikubwa ambacho sikuwa nimekisikia tangu arudi kutoka Chita. Siku zilizofuata tulipandikiza wote, tumeinama mstari mmoja, maji ya vuguvugu yakitufika magotini. Mpunga ule ulichelewa, lakini ulikuja. Mwaka ule tulikula.

Baada ya mavuno familia ya Milembe ilihama. Malisho yalikuwa yamepungua na wafugaji wengi walikuwa wakielekea kusini, Lindi, ambako walisikia kuna nafasi. Mjomba aliwasindikiza mpaka kivukoni, akisaidia kuswaga ng'ombe. Mimi niliishia njia panda, kwa sababu mama alikataa niende mbali. Milembe aliniuliza, "Sasa India ataichukua nani?" Nikamwambia haichukui mtu. Akatikisa kichwa kukubali, akageuka, na vumbi la mifugo likamfunika taratibu mpaka sikuweza kumtofautisha na wengine. Mjomba alirudi jioni, na redio hakuiwasha. Kabla ya Krismasi mama alisiriba nyumba upya kwa udongo mwekundu, na dunia yetu yote ikaingia chini yake.

Leo mimi ni mwalimu wa chuo Dodoma, na somo langu, mtu asicheke, ni mahusiano ya kimataifa. Wanafunzi wangu hulinganisha mataifa makubwa kwenye simu zao kwa dakika chache: manowari, pato, vyuo, satelaiti. Wanabishana vizuri na wanajua mengi kuliko alivyojua mjomba. Bondeni nako kumebadilika. Mto unavukwa kwa daraja, mashamba yanalimwa kwa matrekta madogo yanayonguruma alfajiri, na vijana wetu wa Kindamba na wale wa Kisukuma huoana bila wazee kuitisha vikao. Mambo mengi ni mepesi kuliko zamani, na sitamani turudi kwenye njaa ya kusubiri mvua. Lakini usingizi ule wa juu ya tuta, ambapo nchi mbili zililala kichwa kwa kichwa, sijaupata tena mahali popote.

Mjomba anaishi Ifakara mjini kwa Kasto. Macho yake yamefifia, na redio inamchosha. Nikienda likizo hukaa naye barazani, na ni mimi sasa ninayempelekea dunia. Huniuliza China wamefikia wapi, Wamarekani wanasemaje, Urusi hali gani. Namweleza moja baada ya nyingine, naye husikiliza amefumba macho, akiguna pale anapokubaliana nami. Tukishamaliza wakubwa wote, mkono wake hutafuta ukingo wa kiti. Kisha huuliza, kila mara kana kwamba swali limemjia sasa hivi:

"Na wale wa Mzee Shija? Huko Lindi hujasikia lolote?"

"Bado, mjomba."

"Haya," husema. "Endelea kuuliza."