Siku Programu Yangu Ilipogoma Kuendelea

Nilipoajiriwa kwenye ofisi ya vipimo vya udongo pale Uyole, Mbeya, nilikabidhiwa programu iliyoandikwa na mtu aliyeacha kazi kabla yangu. Kazi yake ilikuwa moja: kusoma orodha ya wakulima, wa kwanza hadi wa mwisho, na kumtumia kila mmoja meseji ya kumweleza shamba lake linahitaji mbolea kiasi gani. Haikusimama kwa lolote. Ikikuta kosa, iliandika neno moja kwenye faili ambalo hakuna aliyelisoma, kisha ikasonga mbele.

Nililijua hilo nilipotumwa Ruaha Mbuyuni kumwona mama mmoja mkulima wa vitunguu. Hakunigombeza. Alinipeleka tu shambani, akanionyesha majani yaliyoungua, rangi ya bahasha ya kaki, halafu akanipa simu yake nisome mwenyewe.

"Mlisema mifuko mitatu," aliniambia. "Nikaweka mitatu."

Alistahili mmoja. Programu ilikosa namba kwenye mstari wake, ikachukua ya jirani. Nikamwomba radhi. Akasema, "Mwanangu, wewe kazirekebishe tu hizo meseji."

Wiki ile ile nikaongeza sharti. Kabla ya kutuma, linganisha mbolea na ukubwa wa shamba. Visipoendana, simama hapo hapo. Usiruke, usikisie, usimtumie mtu mwingine yeyote mpaka binadamu aje atazame. Wenzangu walinicheka, wakasema nimetengeneza punda wa kugoma njiani. Miezi ikapita haijasimama hata mara moja, nikaanza kuwa na wasiwasi kama niliandika sawasawa.

Ikasimama Jumatatu asubuhi, wakulima wa Iringa wakiwa wameshapandikiza na wanasubiri. Kwenye skrini yakatokea maneno yangu mwenyewe: "Kosa, mstari wa kumi na saba. Nimesimama." Simu ya bosi wangu, aliyekuwa Iringa, ikaingia kabla sijamaliza chai.

"Watu wanalalamika huku, meseji hazijafika. Umeizima?"

"Hapana, bosi. Imejisimamisha yenyewe. Kuna kosa."

"La watu wangapi?"

"Nimeona mmoja."

"Basi mruke huyo, wengine waende!"

Sikuwahi kumkatalia bosi jambo. "Naomba saa moja," nikasema. "Siwezi kutuma kitu nisichokijua."

Akakata simu.

Mstari wa kumi na saba ulikuwa wa mzee mwenye robo eka, aliyepangiwa mifuko kumi. Nikampigia dada anayeandaa orodha kule Iringa.

"Dada, hebu nitazamie huyu mzee. Mifuko kumi ataiweka wapi?"

Nikasikia akibofya, kisha, "Mungu wangu!"

Mkulima mmoja wa eka tano alikuwa amejitoa. Dada alifuta jina lake na ukubwa wa shamba lake, akasahau kufuta vipimo vyake vya mbolea. Majina na ukubwa wa mashamba vikapanda mstari mmoja, vipimo vya mbolea vikabaki vilipo. Kuanzia kwa yule mzee hadi mwisho wa orodha, kila mkulima angepokea mbolea ya mwenzake. Mamia ya watu, na wote wana mbolea tayari ndani.

Tulirekebisha pamoja kwa simu, mstari kwa mstari. Nikaiamuru programu ianzie pale ilipokomea. Ikapita kumi na saba. Ikapita hamsini. Nilikuwa nimesimama bila kujua, na ilipofika mwisho bila kosa nilipiga meza kwa viganja vyote viwili hadi jirani wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini.

Nikampigia bosi, nikamweleza yote.

"Mimi nilikuambia umruke," akasema.

"Ndiyo, bosi."

"Uje huku uwafundishe wenzako."

Nikaenda. Yule dada wa orodha alikaa kiti cha mbele kabisa. Nilimwambia aandike kosa kwa makusudi kwenye orodha yake, kisha aiendeshe programu ndogo tuliyoiandika pamoja kwenye mafunzo hayo. Ikagoma kwenye mstari wa pili. Dada akaruka kutoka kitini akipiga vigelegele, na chumba kizima tukapiga makofi kuishangilia programu iliyokataa kufanya kazi.