Jina Langu Kwenye Kompyuta ya Marehemu

Mume wangu aliniambia mara nyingi kwamba neno la kufungulia kompyuta yake ni jina langu. "Nikifa leo, mke wangu, utafungua bila kumsumbua mtu." Nami nikimjibu, "Toka hapa na kufa kwako!" Basi akafa kweli. Tulimzika siku hiyohiyo kwao Mbale, nami nikarudishwa nyumbani kwetu Nalufenya, Jinja, kukaa eda.

Siku za mwanzo za eda niliwasha ile kompyuta nione picha zetu. Nikaandika jina langu, ikakataa. Nikarudia polepole, herufi kwa herufi, ikakataa. Vidoa vyeusi tu vinajipanga kwenye kioo. Lo! Kumbe kabadilisha. Kaweka jina la nani? Mwanamke gani huyo? Wivu ukanipanda. Wageni walipokuja kunipa pole wakasema, "Mungu amrehemu," wote waliitika amina, mimi kimya. Walidhani ni majonzi. Majonzi gani! Nilikuwa nimemnunia maiti.

Eda ilipokwisha nikaibeba ile kompyuta hadi Bugembe nikaiuze. Mnunuzi alikuwa mama wa Kikenya, mfanyabiashara wa kompyuta za mtumba, mcheshi kupindukia. Nikamwambia imefungwa, afanye atakavyo.

"Hebu jaribu mbele yangu," akasema, "kisha bonyeza kajicho haka, tuone unachoandika."

Nikabonyeza. Akaangua kicheko. "Kwani mama, jina lako lina Q?"

Kila nilipogonga A, ilitoka Q. Akanieleza kwamba kompyuta ile ilitoka Ufaransa, na kule herufi wamezipanga vingine. Hizi tunazosoma sisi ni karatasi zilizobandikwa juu ya vibonye. Akabonyeza vibonye viwili kwa pamoja, mpangilio ukageuka. Hapo nikakumbuka. Marehemu alibonyeza hivyohivyo kila siku kabla ya kuandika, nami nikidhani ni mazoea yake tu, kama mtu anavyoanza na bismillahi.

Nikaandika jina langu. Ikafunguka.

Picha iliyojaa kioo kizima ilikuwa yangu, nimekunja uso, namfokea aache kunipiga picha. Ee Mola wangu! Nililia mbele ya yule mama bila haya.

Sikuiuza. Kesho yake nilikwenda Mbale, nikasimama kaburini. "Mungu akurehemu, mume wangu," nikasema, nikaitika amina mwenyewe, zile zote nilizomnyima. Niliitika mpaka sauti ikanikauka, na hazikutosha.