Mbwa Aliyenirukia Getini

Mzee wa Kihindi niliyemfanyia kazi ya kuuza vitambaa dukani kwake mjini Moshi alipohamia Dar es Salaam, aliniachia mbwa wake. Alikuwa dume kubwa lenye nguvu kama ndama. Kila jioni niliporudi nyumbani kwangu, mtaa wa Njoro, mbwa alinirukia getini mpaka nikayumba. Nilimsukuma, nikamfokea, nikamtishia kwa kandambili. Yeye aliona ni mchezo, akazidi.

Siku moja mama yangu alishuka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi kichwani. Kabla sijamwamkia, mbwa alimwangusha matopeni.

"Kati yako na huyu mbwa, mwanangu, kuna mmoja hana akili," alisema akijipangusa kanga.

Niliuokota mkungu wake, nikauingiza ndani. Siku hizo kazi yangu mpya ilikuwa kuchambua kahawa kiwandani, nami nilishinda nimesimama mpaka miguu ikavimba. Kesho yake mbwa aliponirukia, hata kufoka nilishindwa. Nilisimama tu, mikono kifuani, nikiutazama ukuta. Aliruka tena, akabweka, akanizunguka. Mwishowe akakaa chini akihema. Nikamgusa kichwa taratibu. Akaruka upya, nami nikamgeuzia mgongo.

Tuliendelea hivyo masika yote, tukilowa pamoja pale getini.

Mama alipokuja tena, mbwa alitetemeka mwili mzima kwa hamu, lakini hakuinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umempa dawa gani huyu?"

"Hakuna dawa, mama. Nilichoka tu."