Fomu ya Mama, Mnyoosha Viungo

Miaka ile ya ruksa, Mkuyuni ilifunguka yote: mitumba, mabucha, zahanati za watu binafsi kila kona. Mama yangu alikuwa amefungua kabla ya wote. Alinyoosha viungo. Bega lililochomoka, kiuno kilichogoma, alivipaka samli, akafumba macho, akasikiliza kwa vidole. Msinibishie: nusu ya wavuvi wa ziwa zima walitembea kwa hisani yake, na nusu nyingine walikuwa hawajaumia bado.

Babu ndiye aliyemfundisha, kwa njia ya kwao. Alivunja chungu ndani ya gunia, akalifunga mdomo, akamwambia akiunge kwa kupapasa kwa nje. Hakuruhusiwa kugusa mtu mpaka kila kigae kikae mahali pake.

Kisha ikasomwa amri kwenye mkutano wa mtaa: wote wanaotibu wajiandikishe. Waganga wa jadi kwa afisa utamaduni, wenye vyeti kwenye bodi ya afya. Asiye na kibali afunge.

Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, na kwa maelezo yangu mwenyewe mkoa mzima ulizizima. Kalamu ilikuwa inaniwasha.

"Andika nanyoosha viungo," mama alisema. "Basi."

"Mama, hiyo si lugha ya serikali. Watakupa kibali cha kuuza karanga."

"Kwani mimi nauza karanga?"

"Ndiyo maana nakwambia uniachie mimi."

Nikaandika: Mtaalamu Bingwa wa Mifupa na Uti wa Mgongo. Penye elimu nikaweka miaka kumi na minne chini ya mkufunzi mwandamizi, yaani babu na gunia lake. Nilipomsomea, mama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Huyo bingwa anakaa wapi, baba? Nimpelekee kiuno changu."

Akaweka dole gumba, maana kusoma hakujua.

Afisa utamaduni aliona neno bingwa, akasema huyu si wa kwangu, akaipeleka fomu kwenye bodi. Bodi ikamwita. Alivaa kitenge cha kanisani, nikamsindikiza. Mezani walikuwa watatu, na walikuwa wapole, jambo ambalo mpaka leo linaniuma zaidi.

"Shikamoo, mama. Cheti chako cha ubingwa kiko wapi?"

"Marahaba. Cheti?" Akanigeukia.

"Niliandika mimi," nikasema. "Nilitia chumvi kidogo."

"Dole gumba ni la nani?"

"Langu," mama akajibu upesi, kama mtu anayemkinga mtoto na fimbo.

Mwenyekiti akavua miwani. "Mama, ungejiandika mganga wa jadi, kibali ungekuwa nacho. Sasa umejiita bingwa bila cheti. Hutamtibu mtu yeyote tena."

Barua ilipofika, nilimsomea neno kwa neno. Siku hiyo sikuongeza kitu. Nikajaza fomu nyingine, safi, ya kweli. Afisa utamaduni akanionyesha jina la mama kwenye orodha ya waliokataliwa. Nikarudi tena, na tena. Orodha haikubadilika.

Watu waliendelea kuja, wengine wamebebwa. Mama aliwakaribisha uji, akawaelekeza hospitali. Mwishowe wakaacha kuja, hata wa kusalimia tu.

Mwaka uliofuata nilianguka na baiskeli Buzuruga, bega likachomoka. Nilifika nyumbani nikijikongoja.

"Mama, nirudishie."

"Twende hospitali."

"Mimi si mgonjwa, mimi ni mwanao!"

"Barua inasema mtu yeyote. Ulinisomea mwenyewe." Hakusema kwa hasira. Angekasirika, ningepona nusu.

Akanishika mkono mzima, akanipeleka. Daktari alikuwa kijana, mpole, mwenye cheti chake ukutani. Mama alisimama mlangoni, mikono ameificha ndani ya kitenge. Daktari akavuta, bega likakataa. Akavuta tena. Nikapiga kelele za kusikika ng'ambo ya ziwa, na katikati ya kelele zangu nikaona kitenge kinatikisika pale vidole vyake vilipokuwa, vinageuza taratibu, vikielekea upande mwingine kabisa na ule aliokuwa akivuta daktari.

Mara ya tatu likaingia. Mama akasema, "Asante, daktari," akatoka nje.